Koko, Mti Huu Unaitwaje? Matembezi ya Familia Kisangani na Majina Tunayoyapoteza

Jumapili moja tulikwenda kwa Wagenia, watu saba juu ya pikipiki tatu na toleka moja. Dada yangu alikuwa amefunga lituma na samaki ndani ya majani, na Koko, bibi yetu, alibeba mkeka wake mwenyewe kwa sababu haamini mkeka wa mtu mwingine. Tulipokuwa tukitembea kuelekea mtoni, mtoto wa dada yangu, mwenye miaka saba, alinyoosha kidole kwenye mti mmoja wenye majani mapana yaliyotawanyika kama mwavuli.

“Mjomba, mti huu unaitwaje?”

Mimi, mwanafunzi wa lugha, nilijibu: “Ni mti tu.”

Koko alicheka. “Kijana wa chuo kikuu! Huo ni kombokombo. Ukiuona umesimama mahali, ujue mtu alilima hapo, halafu akaacha.”

Jibu la Koko lilikuwa na jina la mti, tabia ya mti na historia ya mahali. Langu halikuwa na kitu. Makala haya yametoka katika aibu ile. Yanaeleza sehemu tatu ambazo familia za Kisangani huenda au zinaweza kwenda kupumzika, majina ya sehemu hizo yanatufundisha nini, kwa nini majina ya miti na samaki yanatoweka katika midomo yetu, na kitu gani mwanafunzi wa kitivo cha lugha anaweza kufanya siku ileile ya mapumziko bila kuwaharibia wengine furaha.

Tunaita nini siku ya namna hiyo?

Tuanze na neno lenyewe. Kamusi za Kiswahili sanifu zina neno *mandari*, maana yake matembezi ya kujifurahisha ambayo watu huenda na chakula chao. Ni neno zuri, lakini ukilisema sokoni hapa Kisangani, watu watakuuliza unauza nini. Sisi tunasema *tunaenda kutembea*, na vijana husema *pikiniki* au *sorti*. Kitenzi *kutembea* hapa kina kazi nyingi: kwenda kwa miguu, kwenda kumsalimu ndugu, kwenda kujifurahisha. Mtu akikuambia “jana tulitembea”, lazima umuulize: kwa nani, au wapi?

Pwani wana pia msemo *kupunga upepo*, yaani kutoka nje kutafuta hewa safi, na kitenzi *kubarizi*, kukaa pamoja nje kwa mazungumzo wakati jua limepoa. Vitenzi hivi viwili vinaonyesha kwamba mapumziko ya nje yana historia yake katika lugha hii.

Neno *bustani* nalo lina safari yake. Asili yake ni Kiajemi, na katika Kiswahili linatenganishwa na *shamba*. Shamba ni mahali pa kazi na chakula. Bustani inaweza kuwa na mboga, lakini inaweza pia kuwa mahali pa kuangalia tu: maua, miti ya kivuli, njia iliyofagiwa. Kwa wazee wetu wengi, wazo la kulipa pesa ili kuangalia miti lilikuwa jambo la kushangaza, maana miti ilikuwa nyuma ya nyumba. Leo mji umepanuka, na mtoto wa Makiso au Mangobo anaweza kufika miaka kumi bila kuingia msituni hata mara moja. Ndiyo maana siku ya matembezi imepata uzito ambao haikuwa nao zamani.

Kwa Wagenia

Mahali pa kwanza ni pale ambapo kila mgeni wa Kisangani hupelekwa. Kati ya Ubundu na Kisangani mto unashuka katika maporomoko saba yaliyotawanyika kwa umbali wa kilomita mia moja hivi, na jumla ya mteremko wake ni kama mita 60. Juu ya maporomoko hayo watu huuita mto Lualaba. Chini yake, kuanzia Kisangani, ni mto Kongo. Kwa sababu mashua haziwezi kupita, njia ya reli ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kuunganisha Ubundu na Kisangani. Wazungu waliyaita maporomoko haya kwa jina la Stanley, aliyepita hapa mwaka 1877. Jina la wenyeji ni Boyoma, na mpaka leo watu husema “Kisangani Boyoma”.

Poromoko la saba, la mwisho, ndilo wanalovulia Wagenia. Wavuvi husimamisha nguzo ndefu za miti katikati ya miamba, mahali maji yanapokimbia kwa nguvu, na kuzifunga pamoja kwa kamba za msituni. Kwenye nguzo hizo huning'iniza vikapu vikubwa vyenye umbo la faneli, mdomo ukielekea kule maji yanakotoka. Samaki anasukumwa na maji mpaka ndani, na nguvu ileile iliyomwingiza inamzuia asitoke. Hapahitajiki chambo, mto wenyewe unafanya kazi. Lakini mtu lazima apande juu ya nguzo, ashuke ndani ya maji makali, avute kikapu na kurudi salama. Watoto wanaotazama hunyamaza kabisa, na hilo si jambo dogo kwa watoto wa Kisangani.

Kwa mwanafunzi wa lugha, jina *Wagenia* ni somo zima la mofolojia. Watu hawa ni Waenya, au Enya. Kiambishi *wa-* ni cha Kiswahili, ngeli ya watu katika wingi. Kiswahili kilifika hapa katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara iliyotoka mashariki, ya Tippu Tip na watu wake, na kikawapa wenyeji jina kwa sarufi yake chenyewe. Baadaye Wafaransaphoni wakalichukua neno zima kana kwamba halina kiambishi, wakasema “les Wagenia”, wingi juu ya wingi. Jina la mji nalo hufasiriwa kwa njia hiyo: *kisanga*, yaani kisiwa katika Kiswahili cha huku, pamoja na *-ni* ya mahali. Kisangani ni “kisiwani”. Mji uliitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966. Ukimweleza mtoto mambo haya akiwa amesimama mbele ya visiwa na miamba, hutahitaji kuyarudia.

Ushauri kwa familia: patana bei ya kuingia na ya mtumbwi kabla ya kuanza, na mtu mmoja azungumze kwa niaba ya wote. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Pale ni mahali pa kazi yao. Miamba inateleza, kwa hiyo kila mtoto awe na mkono wa mtu mzima. Na kama kuna samaki wa kuuza, nunua. Ni heshima, na ni nafasi nzuri ya kuuliza jina lake.

Tshopo

Mahali pa pili ni mto Tshopo, kaskazini mwa mji, kabla haujakutana na Lindi. Kuna maporomoko, kuna bwawa la umeme lililojengwa katika miaka ya 1950, na karibu na hapo kuna bustani ya wanyama iliyoanzishwa wakati wa ukoloni. Wazee wanaoikumbuka bustani hiyo katika siku zake nzuri huwaambia watoto habari za wanyama ambao leo hawapo tena. Hata hivyo miti mikubwa imebaki, kivuli kipo, sauti ya maji ipo, na familia zinaendelea kwenda.

Mtu anayekwenda Tshopo na wazazi wake anaweza kuona kwamba wakifika darajani wananyamaza. Mwezi wa Juni mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu kwa siku sita. Mamia ya raia waliuawa, na eneo la daraja la Tshopo lilikuwa kati ya sehemu za mapigano makali. Mahali pazuri panaweza kubeba kumbukumbu nzito. Mambo haya mawili hayafukuzani. Wenye watoto hujiuliza: je, tuwaambie leo, au tuwaache wacheze? Sina jibu la kila familia. Ninachojua ni kwamba mtoto anayesikia neno “Siku Sita” kutoka kwa mama yake, mahali penyewe, atalielewa tofauti na yule atakayelisoma siku moja katika kitabu.

Yangambi na majina ya Kilatini

Mahali pa tatu pako mbali zaidi, na familia nyingi huko hufika mara moja tu katika maisha, kwa safari ya shule au ya kanisa. Yangambi iko kwenye ukingo wa kulia wa mto, kilomita mia moja hivi chini ya Kisangani, katika nchi ya Waturumbu. Mwaka 1933 serikali ya kikoloni iliunda shirika la utafiti wa kilimo, INEAC, ambalo liliifanya Yangambi kuwa kituo chake kikuu. Baada ya uhuru likafuatwa na INERA. Hapo ulifanywa utafiti mkubwa juu ya michikichi na kahawa ya robusta. Hapo kuna hebariamu, yaani nyumba ya kuhifadhia mimea iliyokaushwa, yenye sampuli nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya Afrika ya Kati. Msitu unaozunguka ni hifadhi ya bayongahewa inayotambuliwa na UNESCO.

Mgeni anayepita kati ya miti ya kituo cha namna hiyo hukutana na lugha mbili kwenye vibao: Kilatini na Kifaransa. Kilatini kina sababu yake. Mti mmoja unaweza kuwa na majina ishirini katika lugha ishirini, na jina moja linaweza kuitwa miti miwili tofauti. Mtaalamu wa Yangambi na mwenzake wa Brazili wanahitaji jina moja wasilogombania. Lakini tusome vizuri jina lenyewe. Wenge huitwa *Millettia laurentii*, na sehemu ya pili inamkumbuka Laurent, mtaalamu wa Ubelgiji. Jina hilo linatuambia nani aliyeheshimiwa na wanasayansi. Halituambii mti unaota wapi, mbao zake zina rangi gani, nani anautumia na kwa kazi gani.

Jina *wenge* lenyewe limesafiri kuliko sisi. Limefika katika maduka ya samani ya Ulaya, ambako ni jina la mbao nyeusi za bei kali. Hapa nyumbani, vijana wengi wanalijua kwa sababu ya bendi ya Wenge Musica, na hawajawahi kuuona mti. Tumebaki na jina kama nyumba ambayo mwenyewe amehama.

Kwa nini majina yanatoweka?

Sababu ya kwanza ni historia ya Kiswahili chetu. Lugha hii ilipofika kwenye msitu huu ilikuwa na majina ya miti ya mashariki. *Mvule* ilikuwemo, na ndio mti ambao wafanyabiashara wa mbao nchini mwetu huuita kambala au iroko. Lakini kwa miti mingi ya msitu mkubwa Kiswahili hakikuwa na neno. Kiliazima kutoka kwa wenyeji: Walokele, Wakumu, Waturumbu, Wambole, Watopoke, Waenya. Hiyo siyo aibu. Hata pwani kiliazima kutoka Kiarabu, Kihindi na Kireno.

Maneno yaliyoazimwa yaliingia kwa namna yake. Katika Kiswahili miti huwa katika ngeli ya *m-/mi-*: mwembe, miembe, mchungwa, michungwa. Kombokombo, wenge, limbali hayakupata *m-*. Tunasema “mti wa wenge”, na ni bahati, kwa sababu tukiweka *m-* tutapata *mwenge*, na huo ni moto wa kushika mkononi. Majina haya yamekaa mlangoni mwa sarufi, hayajaingia sebuleni. Neno lililo mlangoni hutoka haraka.

Sababu ya pili ni familia zetu za mjini. Baba ni Mlokele, mama ni Mnande, jirani ni Mmbole, na nyumbani kunasemwa Kiswahili na Kilingala. Kwa mambo ya kila siku lugha hizo zinatosha. Kwa jina la mti ambao hakuna anayeuona, hakuna anayejisumbua. Shuleni mtoto anajifunza *l'arbre*, *la feuille*, *la racine*, sehemu za mti, bila jina la mti wenyewe.

Sababu ya tatu ni kwamba jina hupita kutoka mdomo mmoja hadi sikio jingine mahali kitu kilipo. Hakuna bibi anayeketi sebuleni na kusema: leo nitawafundisha majina 40 ya miti. Anasema jina akiuona mti. Tukiacha kutembea pamoja naye, tumefunga shule yake.

Sikio lazima lifunguliwe pia

Wanafunzi wa Kiswahili tuna udhaifu mmoja katika kazi hii: lugha yetu haina toni. Lugha nyingi za mto zinayo. Katika Kilokele, neno *lisaka* likitamkwa kwa sauti ya chini katika silabi zote tatu ni dimbwi. Sauti ikipanda katika silabi ya mwisho ni ahadi. Ikipanda katika silabi mbili za mwisho ni sumu. Anayeandika *lisaka* bila alama ameandika maneno matatu kwa pamoja, na kati ya ahadi na sumu ni vizuri kujua tofauti.

Mfano huu tunao kwa sababu ya John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyekaa Yakusu, chini kidogo ya Kisangani, na ambaye baadaye alifundisha katika chuo kikuu cha mji huu. Mwaka 1949 alitoa kitabu *Talking Drums of Africa*, akieleza jinsi ngoma ya Walokele inavyosema. Ngoma ina sauti mbili, ya juu na ya chini, na inaiga toni za maneno tu. Kwa kuwa maneno mengi yana toni sawa, mpigaji huongeza maelezo: kwa “mwezi” anapiga sentensi yenye maana ya mwezi unaoitazama dunia, kwa “kuku” anapiga maana ya kuku, yule mdogo anayelia kiokio. Urefu wa sentensi unaondoa shaka. Familia inayopita Yakusu kwa mtumbwi inapita katika moja ya sehemu ambako elimu ya lugha za Afrika ilijifunza kusikiliza.

Namna ya kufanya

Sipendekezi kwamba tugeuze Jumapili kuwa mtihani. Mtoto akiulizwa maswali mengi hatataka kurudi. Lakini mambo machache yanawezekana kwa familia yoyote.

Kwanza, nenda na mzee. Kama gari au pikipiki hazitoshi, kijana mmoja abaki, mzee aende. Na umpe nafasi ya kutembea polepole.

Pili, chagua miti mitatu au samaki wawili, si zaidi. Kwa kila kimoja tafuta majina manne: la lugha ya mzee, la Kiswahili au Kilingala cha mjini, la Kifaransa, na la Kilatini kama kuna mtu wa kulithibitisha katika kitivo cha sayansi. Mti wetu wa kwanza ulitupa kombokombo, *parasolier* na *Musanga cecropioides*. Jina la Kiswahili hatukulipata, na hilo nalo tuliliandika.

Tatu, uliza swali la pili. Baada ya “unaitwaje?” uliza “unafanya kazi gani?” Hapo ndipo maarifa yalipo. Kombokombo ni mti unaoota haraka mahali palipofyekwa. Ndiyo maana Koko aliusoma kama barua iliyoachwa na mkulima. Sapelli hupendwa kwa mbao zake, lakini kijijini watu wanaujua pia kwa viwavi vinavyoliwa. Anayeukata kwa ajili ya mbao anakata na sahani ya mtu.

Nne, andika nani alisema, lugha gani, wapi na siku gani, baada ya kumwomba ruhusa. Rekodi sauti kwa simu, kwa sababu ya toni. Wazee wawili wakitoa majina mawili, andika yote mawili, usimsahihishe mtu. Na usile wala kumpa mtoto jani au tunda kwa kutegemea jina tu. Majina hufanana, mimea haifanani.

Kuna atakayesema: haya ni kwa wenye pesa. Ni kweli kwamba Yangambi ni mbali, na hata bei ya pikipiki kwenda kwa Wagenia na kurudi ni mzigo kwa familia yenye watoto watano. Lakini ukingo wa mto hauuzwi, na miti ya chuo chetu iko wazi. Tunapita chini yake kila asubuhi tukienda kusoma fonolojia, na hakuna hata mmoja wenye kibao. Kipande cha ubao, rangi kidogo na majina manne kwa kila mti ni kazi ambayo darasa moja linaweza kuimaliza katika muhula mmoja, kwa kusaidiana na wenzetu wa biolojia. Wahadhiri wetu wanaweza kuikubali kama zoezi la uwandani. Familia za jirani wangekuwa na bustani ya kutembelea bila kulipa faranga hata moja.

Tulirudi kwa Wagenia baada ya miezi mitatu. Mtoto wa dada yangu safari hii alimshika mkono mdogo wake, akamsimamisha mbele ya mti uleule na kumwambia: “Huu ni kombokombo. Mtu alilima hapa.” Mdogo wake akauliza: “Nani?” Sote tukamgeukia Koko.